Somo kwa Wenye Punda: Kumzoeza Punda Anayeogopa Mkasi na Kisu cha Kwato

Mwezi huu somo letu ni la punda. Katika skimu, mtu akiulizwa mifugo yake hutaja kwanza ng'ombe wa maziwa, kisha kondoo, kisha kuku, na punda humkumbuka mwisho. Lakini ni nani huchukua maziwa hadi barabarani alfajiri, wakati matope yamejaa na gari haliwezi kupita? Ni nani huleta maji kutoka mtoni na viazi kutoka shambani? Tangu mashamba makubwa ya Nyanda za Juu yalipoanza kugawanywa mwaka wa 1962 chini ya Mpango wa Ekari Milioni Moja, wakulima wengi wadogo wa Kinangop, Ol Kalou na kwingineko wamefanya kazi zao kwa mgongo wa mnyama huyu.

Punda akichechemea, kazi yake haiishi. Huhamia juu ya mgongo wa mama na watoto. Maziwa hufika yamechelewa, na yakiwa yamechacha hukataliwa. Tena kumpata punda mwingine si rahisi kama zamani. Hesabu ya taifa ya mwaka wa 2009 ilionyesha punda zaidi ya milioni 1.8 katika Kenya, na ile ya 2019 ilionyesha karibu milioni 1.2 tu. Katikati ya miaka hiyo, kuanzia 2016, machinjio ya punda yalifunguliwa nchini kwa ajili ya biashara ya ngozi, na wizi wa punda ukazidi. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuisimamisha biashara hiyo. Basi uliye na punda, mtunze.

KWA NINI KWATO HUKATWA

Ukwato wa punda hukua daima kama ukucha wa mtu. Asili ya punda ni nchi kavu yenye mawe, ambako ukwato husagika wenyewe. Katika nchi yetu ya juu yenye mvua na udongo laini, ukwato hausagiki vya kutosha. Tena ukwato wa punda hunywa maji kwa urahisi, ukawa laini, na uchafu ukaingia ndani na kuuozesha. Usipokatwa huwa mrefu na kupinda juu kama kiatu cha zamani. Hapo mishipa na viungo vya mguu huvutwa vibaya, na punda huumia kwa kila hatua.

Kwa hiyo kwato hutakiwa kutazamwa kila siku na kukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 10. Fanya hesabu: katika mwaka mmoja punda atakatwa kwato mara 5 au zaidi. Ikiwa kila mara ni vita, utachoka wewe, na mwisho utaacha kabisa. Ndiyo sababu kumzoeza ni kazi ya kwanza, na kukata ni kazi ya pili.

KWA NINI HUOGOPA

Watu husema asante ya punda ni mateke. Methali hiyo ina maana yake kwa wanadamu, lakini kwa punda mwenyewe si haki. Punda hupiga teke akiwa na hofu au maumivu, au kwa sababu alijifunza kwamba akipiga teke ataachwa.

Jua pia kwamba punda na farasi hawaogopi kwa namna moja. Farasi akishtuka hukimbia. Punda mara nyingi husimama kama nguzo na kukataa kusogea, nasi humwita mkaidi. Yeye anafikiri kama mahali hapo pana hatari. Ukimpiga wakati huo, umempa jibu: ndiyo, pana hatari.

Tuseme nyumba moja ina punda jike ambaye hajawahi kushikwa miguu. Kwato zimekuwa ndefu. Mwenye nyumba anaita vijana wanne, wanamwangusha kwa kamba, mmoja anamkalia shingo, mwingine anamsokota sikio, na fundi anakata. Kazi inakwisha kwa nusu saa na wote wanaona wameshinda. Baada ya wiki 8 punda yule anamwona fundi amebeba mfuko wake, anautambua, na hakuna mtu awezaye kumkaribia. Siku ile walikata kwato 4, lakini walimfundisha somo moja ambalo punda hatalisahau, maana kumbukumbu yake ni kali sana.

KWANZA TAFUTA MAUMIVU

Kabla ya kusema punda wako ni mwoga, hakikisha haumwi. Punda mzee mwenye viungo vilivyokakamaa hukataa kuinua mguu kwa sababu kuusimamia ule mwingine kunamuuma. Gusa kwato zote kwa kiganja. Ukiona zina joto, au punda anaegemea nyuma kukwepa uzito wa miguu ya mbele, au hataki kutembea, usianze mazoezi. Mwite daktari wa mifugo. Tazama pia vidonda vya kamba na vya soji. Hakuna mafundisho yatakayomfanya mnyama aridhike kuguswa mahali panapouma.

MATAYARISHO

Mahali: chagua mahali pakavu, tambarare na penye utulivu, asipopita mbwa wala pikipiki.

Rafiki: punda hushikamana sana na mwenzake. Ukimtenga huwa na wasiwasi hata kabla hujamgusa. Mlete mwenzake asimame karibu amwone. Ikiwa mwenzake ni mtulivu, anza na huyo, mwoga atazame.

Kamba: mvalishe kamba ya kichwani iliyo laini, na mtu mmoja aishike bila kuikaza. Asiizungushe mkononi kamwe, kwa maana punda akiruka atavunja vidole. Usimfunge kwa fundo gumu kwenye mti. Kama ni lazima kufunga, tumia fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja.

Zawadi: kata karoti kwa urefu, vipande vyembamba kama kidole. Usikate kwa mviringo kama sarafu, kwa sababu kipande cha mviringo kinaweza kumkaba kooni. Mahindi na chakula cha ng'ombe usimpe kwa wingi, vinaweza kumletea ugonjwa wa kwato. Kumkuna vizuri pale shingo inapokutana na mgongo pia ni zawadi, kwani ndivyo punda wanavyokunana wao kwa wao.

Wakati: baada ya kazi, akiwa ameshushwa mzigo, amekunywa maji na amepumzika. Usianze asubuhi ukiwa na haraka ya maziwa. Dakika 5 hadi 10 kwa kila somo zatosha, mara moja au mbili kwa siku.

KANUNI MOJA KUBWA

Ndugu Mkulima, ukisahau mengine yote, shika hili: ondoa mkono wako punda akiwa ametulia. Usiuondoe wakati anaruka.

Punda hujifunza kutokana na jambo linalofuata papo hapo. Ukimgusa mguu, akarusha teke, nawe ukaondoa mkono, amejifunza kwamba teke huondoa mkono. Kesho atarusha teke mapema zaidi. Ukimgusa, akatulia kwa nukta moja, nawe ukaondoa mkono na kumpa karoti, amejifunza kwamba utulivu huleta raha.

Lakini usigeuze kanuni hii kuwa mieleka. Punda akianza kuruka ni dalili kwamba umekwenda mbali kuliko anavyoweza. Kama unaweza bila hatari, bakisha mkono mahali alipokubali mwanzo, bega kwa mfano, hadi atulie, kisha uondoe. Somo linalofuata anza hatua moja nyuma.

Jifunze kumsoma. Punda mwenye hofu huacha kutafuna, hubana mkia, hukaza midomo na pua, hutetemeka au huegemea upande wa pili. Mwingine hukauka tu kama jiwe. Usidhani huyo amekubali, maana huenda akalipuka bila onyo. Punda aliyetulia huteremsha kichwa, hutafuna, hulegeza masikio na kupumzisha mguu mmoja.

HATUA ZA MAFUNZO

Usiende hatua ya pili mpaka ya kwanza imekuwa jambo la kawaida kwa siku mbili au tatu. Punda wengine humaliza kwa wiki mbili, wengine huchukua mwezi na zaidi.

1. Kumkaribia. Njoo kutoka upande wa bega, ukisema naye kwa sauti ya chini. Usije kutoka nyuma ya mkia wala mbele ya pua kabisa, maana huko haoni vizuri. Mkune begani, mpe karoti, ondoka. Siku ya kwanza yatosha hivyo.

2. Mkono kushuka mguuni. Anza begani, telezesha kiganja polepole hadi gotini. Tumia kiganja kizima. Kugusagusa kwa ncha za vidole humsumbua kama inzi. Akitulia, ondoa na umpe zawadi. Siku inayofuata fika chini ya goti, kisha kifundoni, kisha kwenye ukwato wenyewe.

3. Miguu ya nyuma. Kwa punda anayepiga teke, usitumie mkono wako kwanza. Chukua fimbo ya kama mita moja, ifunge nguo au gunia kwenye ncha, na umpapase nayo kutoka mgongoni hadi mguuni ukiwa umesimama karibu na bega. Akipiga teke atapiga gunia, na wewe utabaki salama. Usimpige kwa fimbo hiyo hata mara moja. Akizoea gunia, ndipo ulete mkono. Simama ubavu kwa ubavu na paja lake, karibu kabisa, ukitazama nyuma.

4. Kuinua. Bana kidogo mshipa ulio nyuma ya mguu, juu ya kifundo, na useme neno moja lile lile kila mara, kama "Inua". Akipunguza uzito tu wa mguu ule, mzawadie. Kesho ataunyanyua. Ushike kwa nukta mbili, uuweke chini wewe mwenyewe kwa upole kabla hajaunyang'anya. Endelea hadi nukta 10, kisha nusu dakika. Inua chini chini na uuweke mguu chini ya mwili wake. Ukiuvuta kwa upande au juu sana utamuumiza, naye atakuwa na haki ya kukataa.

5. Kuzoea vyombo. Weka kisu cha kwato, koleo na tupa chini mahali anapokula, avinuse. Kisha sugua tupa kwenye kipande cha ubao ukiwa mbali, mwenzako akimpa karoti. Kila siku sogea karibu kidogo. Kwa punda wengi sauti ya tupa ndiyo ya kutisha kuliko kisu.

6. Kugonga na kusafisha. Mguu ukiwa juu, gonga ukwato kwa kiganja, kisha kwa mpini wa kisu. Toa uchafu kwa chuma chenye ncha butu, ukivuta kutoka kisigino kwenda mbele. Fanya hivi kila siku. Ni usafi, na pia ni mafunzo.

7. Kukata. Siku ya kwanza piga tupa mara moja tu, uache. Siku ya pili mara tatu. Ni afadhali umalize ukwato mmoja kwa siku, kwato 4 kwa siku 4, kuliko kushinda siku moja na kumpoteza punda kwa mwaka mzima.

Usikae chini wala kupiga magoti unapofanya kazi. Chuchumaa au inama ili uweze kuondoka mara moja.

Kwa ukataji wenyewe, mara ya kwanza mwombe Bwana Mifugo au fundi aliyefundishwa akuonyeshe. Kumbuka kwamba ukwato wa punda husimama wima zaidi kuliko wa farasi, basi usiulaze kama wa farasi. Ile sehemu laini ya pembe tatu katikati ya wayo usiikate, toa tu kilichooza na kilicholegea. Na kwato zilizokuwa ndefu kama viatu zisifupishwe zote siku moja. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, ili mishipa ipate kuzoea.

MKASI NA MASHINE YA KUNYOLEA

Huna haja ya kumnyoa punda mwili mzima. Manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi, tena usiku wa Kinangop ni wa baridi kali, basi mwachie nguo yake. Lakini nywele hukatwa kuzunguka kidonda ili kisafishwe na dawa ifike, na pale zilipogandamana kwa matope chini ya mikanda ya mkokoteni. Zikiachwa humchubua.

Punda wengi huogopa mkasi, na zaidi mashine. Mashine ina mambo matatu ya kutisha: sauti, mtetemo na joto. Mfundishe kila moja peke yake. Kwanza iwashe ukiwa mbali, hatua 10 au 20, wakati anakula. Akiendelea kutafuna, izime. Sogea karibu siku kwa siku. Pili, mguse begani kwa mashine iliyozimwa. Tatu, iwashe, uishike mkononi, na uweke mgongo wa mkono huo juu ya bega lake ili asikie mtetemo kupitia mkono wako anaoujua. Ndipo unyoe mstari mfupi mmoja mahali pazima, kabla ya kukaribia kidonda. Pima joto la meno ya mashine kwenye ngozi yako mara kwa mara. Yakikuchoma wewe, yatamchoma na yeye.

Kama huna mashine, mkasi wenye ncha butu wafaa vizuri. Mzoeze mlio wake kwanza, ukiukata hewani karibu na bega. Karibu na masikio na macho tumia mkono wa polepole sana, na kamwe usimshike sikio kwa nguvu. Punda aliyewahi kusokotwa sikio hukataa hata kuvalishwa kamba.

KAZI ISIYOWEZA KUNGOJA

Kuna siku ambayo huna mwezi mmoja wa kungoja: msumari umeingia katika ukwato, au kidonda kina funza. Usiite vijana wanne. Mwite daktari wa mifugo, naye anaweza kumdunga sindano ya kumtuliza. Usinunue dawa hiyo na kujaribu mwenyewe. Hata aliyedungwa anaweza kupiga teke.

Kidonda cha ukwato si jambo dogo. Ugonjwa wa pepopunda umebeba jina la mnyama huyu, naye pamoja na farasi ni wepesi sana kuupata. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi, huingia kwa kidonda chembamba, na mnyama akishika mara nyingi hafi kwa mambo mengine. Kuna chanjo yake, muulize daktari. Na vyombo vya kukatia visafishwe kwa dawa kabla ya kwenda kwa punda wa jirani.

Kumbuka pia kwamba sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamlinda punda kama mnyama mwingine yeyote. Kumpiga na kumtesa ni kosa mbele ya mahakama.

WATOTO WA PUNDA

Samaki mkunje angali mbichi. Ukiwa na mtoto wa punda, mguse miguu tangu wiki zake za kwanza, mama yake akiwa karibu na ametulia. Dakika 2 kwa siku zatosha. Atakapofika umri wa kazi hatakumbuka kwamba kushikwa mguu kulikuwa jambo geni. Wafundishe na watoto wa nyumbani namna ya kumkaribia punda, lakini miguu ya nyuma waachie watu wazima.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Punda wako akirusha teke na ukaondoa mkono, umemfundisha nini?
2. Ni dalili gani tatu zinazoonyesha kwamba punda aliyesimama kimya ana hofu?
3. Kwa nini karoti hukatwa kwa urefu?
4. Katika kikundi chenu, ni punda wangapi wamekatwa kwato katika wiki 10 zilizopita?

Swali la mwisho msilijibu kwa kukisia. Nendeni mkatazame miguu.

Jioni hii, ukimaliza kumshusha mzigo, usimfukuze malishoni upesi. Simama naye, mkune begani, telezesha mkono hadi gotini, umpe kipande cha karoti, umwache aende. Hilo ndilo somo la kwanza, nalo halichukui dakika tano.